Kopo Lililonyooka

Wifi yangu aligonga makopo tangu alipokuwa bi harusi mpya mpaka siku aliyostaafu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na wala usicheke. Kwenye kiwanda cha maharage palikuwa na meza ndefu ya bati, wanawake wamekaa upande mmoja, kila mmoja na kijiti chake cha chuma. Kopo likipita mbele yako unaligonga juu ya kifuniko. Kopo zima linalia kwa sauti kali, kama glasi. Lililoingiza hewa linajibu kwa sauti nzito, kama mtu aliyeamshwa usingizini, na hilo unalitoa. Wifi alikuwa anagonga huku anasimulia mambo ya watu, na mkono wake unalitoa lile bovu bila umbeya kukatika. Wenzake wakamwita Sikio. Nami nikalileta jina hilo nyumbani, nikawa namwita hivyo kila nilipomtuma kitu akajifanya hakunisikia.

Mimi ni dada wa mume wake. Nimesoma mpaka darasa la saba, na mwandiko wangu ulibandikwa ukutani shuleni wengine wauige, kwa hiyo haya nayaandika mwenyewe, sikumwomba mjukuu.

Tulikaa ua mmoja. Kaka yangu alikuwa dereva wa lori, wiki nyingi hayupo. Wifi na mama yetu walikaa nyumba ya mbele, mimi na ujane wangu vyumba vya nyuma. Mimi na wifi tulitaniana asubuhi mpaka jioni, na mama alikaa katikati kama mwamuzi wa mpira asiyependa kutoa kadi. Mama alimpenda sana mkwewe. Akipikiwa chai ya chumvi badala ya sukari, angeinywa yote na kuomba nyingine.

Sasa nieleze kazi ilivyokuwa, maana bila hiyo hutaelewa kilichotutisha. Maharage ya makopo hufungwa kwanza, kisha ndiyo hupikwa, yakiwa yameshafungwa humo humo ndani. Makopo yanapangwa kwenye kreti la chuma lenye matundu, kreti linasukumwa ndani ya jungu la mvuke lenye mlango mzito wa kukaza kwa gurudumu, na joto linapanda kupita lile la maji yanayochemka jikoni kwako. Mkemia wa kiwanda, binti mwembamba aliyetoka chuo kikuu, aliwaeleza sababu. Kuna kijidudu cha udongoni, alisema, ambacho kikibanwa hujikunja kikawa kama mbegu. Mbegu hiyo haifi kwa kuchemshwa kwenye sufuria. Ukiifungia ndani ya kopo pasipo hewa inaamka, inazaana, na inatoa sumu ambayo tone lake dogo linamlegeza mtu kuanzia macho kwenda chini, mpaka kifua kisahau kuvuta pumzi. Akili inabaki nzima muda wote. Mtu anajiona anavyokufa.

Wifi alipotusimulia hayo usiku wa siku hiyo alikuwa anacheka, lakini nilimwona amevuta khanga yake akajifunika mabega.

Kwa kuwa kopo lililopikwa na lisilopikwa yanafanana kwa nje kama mapacha, kila kreti lilifungwa utepe mweupe kabla ya kuingia kwenye jungu. Joto likifika panapotakiwa, utepe unageuka mweusi. Ukiona mweusi, yamepikwa. Hakuna cha kuuliza.

Tatizo lilikuwa boksi la tepe. Lilikaa kwa mkemia, na mara nyingine liliisha kabla jingine halijaletwa. Msukuma makreti naye alikuwa mtu wa sheria, kreti lisilo na utepe haligusi. Basi wanawake, wasije wakaambiwa wanachelewesha kazi, wakawa wanachukua utepe mweusi wa jana, wanaufungua fundo, wanaufunga kwenye kreti la leo. Waliona ni kama kufunga mzigo kwa kamba iliyokwisha kutumika. Kreti si linaingia kwenye jungu sasa hivi? Kuna ubaya gani? Hata wifi alikuwa nazo mfukoni mwa aproni, na nyingine zilifika nyumbani zikafungia nywele za watoto wa jirani.

Siku moja kreti alilolifunga yeye kwa utepe mweusi lilikuwa limesimama mbele ya jungu umeme ukakatika. Watu wakatoka nje kupunga upepo. Zamu ikabadilika. Waliokuja wakaona kreti lenye utepe mweusi, wakasema hili tayari, wakalisukuma upande wa pili. Kesho yake likafika mezani, na wifi akayagonga makopo yake kwa mkono wake mwenyewe. Yakalia vizuri sana. Kopo lililofungwa sawasawa linalia sawasawa hata kama maharage ndani ni mabichi. Hilo sikio halina namna ya kulijua.

Makopo yaliyobonyea kiwanda hakikuyauza. Moja likiwa na mlio mzuri, mfanyakazi aliruhusiwa kulibeba. Wifi akabeba moja la kreti lile, lenye kibonyeo ubavuni kama shavu la mzee.

Nikamwambia, "Mume wako anahangaika barabarani, wewe unamlisha mama yetu makopo yaliyopigwa ngumi."

"Hili limebonyea nje, wifi," akanijibu. "Wewe umebonyea ndani, na hakuna anayekurudisha kiwandani."

Mama akacheka mpaka akakohoa, akaliweka kopo kwenye rafu ya juu ya jiko, pale penye joto. Likakaa hapo wiki nyingi, tukalisahau.

Mkemia naye alikuwa na chumba chake. Kutoka kila mkupuo wa kazi alichukua makopo machache, akayaweka kwenye chumba cha joto, akasubiri. Wanawake walikiita chumba cha vifaranga, wakamuuliza lini yataanguliwa. Asubuhi moja akayakuta yameanguliwa. Vifuniko vimefura kama tumbo la mtoto mwenye minyoo, na moja limepasuka mshono.

Akasimamisha mitambo. Akawakusanya wote na kuwaonyesha utepe alioutoa kwenye kreti la makopo hayo, ambalo lilikuwa bado ghalani. Ulikuwa mweusi, na ulikuwa na mikunjo ya fundo jingine, la zamani.

"Sitafuti wa kumfukuza," alisema. "Natafuta makopo. Nani anaujua utepe huu?"

Wifi aliniambia kwamba wakati ule alikuwa anatazama sakafu, na alichokuwa anakiona si sakafu, ni rafu ya juu ya jiko letu. Akasema, "Niliufunga mimi. Ulikuwa umeshatumika." Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akamfinya mgongoni kwa nguvu, anyamaze, maana kila mfuko wa aproni pale ulikuwa na tepe. Wifi akaendelea. "Na kopo moja liko kwa mama mkwe wangu."

Mkemia akachukua funguo za gari.

Nilikuwa nje naanika nguo nilipoliona gari la kiwanda likiingia. Wifi alishuka kabla halijasimama, na hakuwa na viatu. Akanipita kama mti, akaingia jikoni. Nikamfuata. Alikuwa amesimama chini ya rafu, ameinua uso, na rafu ilikuwa tupu.

"Mama," akaita, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Mama, lile kopo."

Mama alikuwa kwenye mkeka wake chumbani, anachambua mchele. "Nilikula jana mchana, mwanangu. Ahsante."

Wifi akatoka mbio mpaka kwenye pipa la taka, akatia mikono yote miwili. Alipolitoa kopo aliligeuza, akaligeuza tena, akapitisha kidole ubavuni. Nikaona midomo yake imekuwa ya kijivu.

"Kibonyeo kiko wapi?"

"Kilinyooka chenyewe," mama alijibu kutoka ndani, kwa furaha kabisa. "Nililikuta limenyooka. Na nilipolifungua likapumua, fyuu, kama mtu aliyekaa kitako baada ya safari."

Mimi sikuelewa. Mkemia alielewa. Alivaa glavu, akalichukua kopo kutoka mikononi mwa wifi taratibu, akasoma namba zilizogongwa kitakoni, akafumba macho kidogo. Kitu kilikuwa kimezaana humo ndani, juu ya jiko letu, wiki baada ya wiki, kikasukuma bati mpaka likanyooka.

"Halikunuka, bibi?" mkemia akauliza.

"Pua yangu iliacha kazi zamani, mjukuu wangu."

Tukamwinua mama, tukampakia garini, akilalamika kwamba mchele wake utaliwa na kuku. Njiani mkemia alitueleza dalili za kutazama. Anaona vitu viwili viwili. Kope zinashuka. Ulimi unakuwa mzito. Anapaliwa na maji. Hapo ndipo hofu iliponiingia sawasawa mwilini, kwa sababu mama yetu alikuwa na mtoto wa jicho, kope yake ya kushoto ilikuwa imelala tangu nikiwa msichana, alizungumza bila jino hata moja, na kila siku alipaliwa na chai. Alikuwa na dalili zote, miaka mingi, akiwa mzima. Ungezijua vipi zile mpya?

Hospitali walimpa kitanda karibu na dirisha na pazia la kuzungushia. Daktari alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kusema kweli hata usipomwomba. Dawa ya kuizuia sumu hiyo ipo, alisema, lakini iko hospitali kuu, mbali, na ameshaagiza iletwe. Inatengenezwa kutokana na damu ya farasi. Mwili wa mtu mzee, wenye moyo kama wa mama, unaweza kuikataa vibaya.

"Nikimchoma bila sababu, naweza kumuua mwenyewe," alisema. "Nikisubiri na sumu ipo, inashuka kifuani, na dawa hairudishi kilichokwisha kulegea. Kwa hiyo lazima nijue. Bibi, uliyala yale maharage? Hivi hivi, yalivyotoka kwenye kopo?"

Mama alinitazama mimi, akamtazama wifi, akavuta shuka. "Niliyala. Yalikuwa matamu."

Mkemia alikwenda maabara na kopo lake. Majibu, alisema, yatachukua siku. Tukabaki sisi na mama na ile kope.

Sijawahi kumtazama mtu vile. Wifi upande huu wa kitanda, mimi upande ule, na macho yetu kwenye kikope kimoja cha mwanamke mzee. Kimeshuka? Wifi alisema kimeshuka. Mimi nilisema ni kivuli cha pazia. Tukavuta pazia, tukabishana kwa minong'ono. Nesi akatuletea tochi. Wifi alikuwa anagonga chuma cha kitanda kwa ukucha, polepole, bila kujua kwamba anagonga, na mimi nilisikia kila pigo la ukucha ule.

"Mama," wifi akauliza kwa mara nisiyojua ya ngapi, "unaniona mmoja au wawili?"

"Nakuona mmoja," mama akasema, "na unanitosha."

Tulicheka. Kicheko chenyewe kilitutoka kama kikohozi, kikakauka. Sikumtania wifi hata kidogo siku ile, na nadhani hilo ndilo lililomwogopesha kuliko yote, kwa maana alinitazama na kusema, "Sema kitu basi. Nitukane." Alikuwa mtu ambaye mkono wake ulifunga utepe, sikio lake likalipitisha kopo, na miguu yake ikalileta nyumbani. Ningemwongezea nini?

Asubuhi mama aliamka sauti imekwaruza. Chai ikampalia, ikamtoka puani. Nesi akaandika, akaenda haraka kumwita daktari, na haraka ile ya viatu vya nesi bado naisikia mpaka leo. Mama alitaka kusema jambo, neno likatoka limepinda, akarudia. Nikamshika mkono, nikaona vidole vyake havikunishika. Pengine alikuwa amechoka. Pengine ndiyo inashuka. Nilihesabu pumzi zake kifuani kama mtu anayesikiliza mlango utakaofunguliwa.

Dawa ilifika na gari la hospitali, kwenye boksi lenye barafu. Daktari akaivuta kwenye sindano mbele yetu, akainama kwa mama. "Bibi, nakuchoma sasa. Nataka ujue kwamba inaweza kukusumbua sana moyo. Sina njia nyingine, kwa kuwa ulikula vile vile."

Mama alimtazama yeye, akaitazama sindano.

"Huyu binti yangu atoke kwanza," akasema. "Abaki mkwe wangu."

Mimi, niliyemlelea mwanawe mgongoni, natolewa nje. Nilitoka mpaka upande wa pili wa pazia, nikasimama hapo hapo. Pazia si ukuta.

"Mwanangu," nilimsikia mama, "usikasirike. Maharage yako yalikuwa magumu."

"Magumu vipi, mama?"

"Kama changarawe. Fizi zangu hazikuyaweza. Nikayaosha, nikayarudisha jikoni yakachemke. Nikatoka kuanua nguo, jirani akanishika kwa maneno, nikarudi yanatokota bado, nikaongeza maji yakatokota tena mpaka yakawa uji. Ndipo nikala."

Nikasikia sauti ya daktari, taratibu sana. "Yalitokota, bibi? Mapovu? Kwa muda mrefu?"

"Nguo za nyumba nzima nilizianua na kuzikunja."

"Mama," wifi akasema, "kwa nini hukusema tangu jana?"

"Ningesema mbele ya wifi yako? Unaniletea zawadi kutoka kazini kwako, nami niseme ni mbichi? Angekuimba mpaka mtaa wa pili. Mngetaniana mwezi mzima."

Nilisikia kitu cha chuma kikiwekwa kwenye sinia. Ilikuwa ile sindano. Nilipovuta pazia, wifi alikuwa ameweka paji la uso kwenye chuma cha kitanda, na mama anampapasa kichwa huku ananitazama mimi kwa jicho lake zima, jicho la kunionya.

Usidhani hofu iliishia pale. Daktari alimpigia simu mkemia, na mkemia akaja mwenyewe. Mbegu ya kijidudu kile ndiyo ngumu, alisema, inashinda sufuria yoyote. Lakini sumu yenyewe, ikishatoka, ni laini mbele ya moto. Ikitokota vya kutosha inavunjika. "Kama ilivunjika yote," aliongeza, na hilo "kama" likalala nasi siku zilizofuata. Daktari hakuirudisha dawa. Aliiweka kwenye friji ya wodi, akaagiza kope ile ichungwe. Sauti ya mama ikawa njema, kumbe ni mafua ya dirishani na kutolala. Kope haikushuka zaidi ya ilivyoshuka nikiwa msichana.

Tulipokuwa tumesharudi nyumbani, mkemia alikuja kutuletea majibu. Hakukaa. Alisimama mlangoni ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Kwenye maji yaliyobaki kitakoni mwa lile kopo," alisema, "sumu ilikuwemo. Ya kutosha nyumba nzima."

Nilitazama ile sufuria aliyochemshia mama ikining'inia msumarini. Mimi ningekuwa na njaa siku ile, nisingechemsha. Meno yangu yalikuwa imara na nilijivunia kuyatumia.

"Na bibi, nakuomba," mkemia akaendelea. "Usichukue hili kuwa ni dawa. Kopo lililovimba au lililopumua halichemshwi, halionjwi hata kwa ncha ya ulimi. Linatupwa mbali na kuku. Safari hii umepona kwa bahati ya fizi."

"Basi nimeshukuru kuzeeka," mama akasema, akamwambia wifi aweke chai.

Namba za makopo yale zilitangazwa redioni kutwa mara nyingi, na watu waliyarudisha, wengine wakiwa wameyabeba mbali na mwili kama nyoka aliyekufa. Mengi yalikuwa hayajatoka ghalani. Hatukusikia aliyeugua. Kiwanda kilifungwa kwa muda, na wanawake wa meza ile walimnunia wifi, wakasema amewachomea wote. Aliyemfinya mgongoni hakumsalimia mpaka uzeeni. Kilipofunguliwa, palikuwa na ukuta mpya kati ya upande wa makopo mabichi na upande wa yaliyopikwa, na anayetoa kreti kwenye jungu anaukata utepe kwa mkasi palepale, nusu inabaki kwa mkemia, hakuna cha kufungua fundo. Wifi hakufukuzwa. Alirudi kwenye kijiti chake, lakini hakusimulia tena umbeya akigonga. Alisema kopo likilia vizuri ndipo anapoogopa.

Mama aliishi, akafa kifo chake baadaye, kwa uzee. Kaka yangu naye ametangulia. Tumebaki sisi wawili kwenye ua ule ule, na sasa kope yangu mimi, ya kushoto kama ya mama, imeanza kulala. Nikiwa nimesinzia kwenye kiti mchana, huwa nashtuka nakuta uso wa wifi karibu kabisa na wangu, ameinama, hapumui, ananitazama jicho. Zamani ningemtania.

"Unaniona mmoja?" ananiuliza.

Namwambia namwona mmoja, na ananitosha. Hapo ndipo anaporudi kukaa.